Hawa watoto, nani anawapikia?

Flashi ile niliipata Madisi. Nilikuwa na meza yangu pale senta, pembeni ya barabara ya M1 inayotoka Lilongwe kwenda Kasungu: kubadilisha vioo vya simu, kutengeneza sehemu ya chaji, kuuza vocha na spika ndogo. Kijana mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa anapita aliniletea simu iliyoingia maji. Nilipomaliza kazi akawa hana hela ya kutosha. Akanilipa nusu, nusu nyingine akanipa flashi. "Humu muko katuni ya muzuri, mukubwa. Onyesha batoto." Mimi sina mtoto. Niliipokea kwa sababu flashi yenyewe ina bei.

Usiku Madisi inanyamaza mapema. Malori tu ndiyo yanapita, taa zao zinaingia kwenye pengo la mlango zinatoka. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka la mbolea. Nikachomeka flashi kwenye laptopu yangu chakavu, nikafungua kipindi cha kwanza nikijiambia ni dakika tano tu. Nililala saa tisa za usiku, na kesho yake nikamwekea mteja kioo kichwa chini.

Katuni hiyo inaitwa Mobile Suit Gundam: Iron-Blooded Orphans. Kwa Kiswahili ningesema Mayatima wa Damu ya Chuma. Wajapani wamekuwa wakitengeneza hadithi za Gundam tangu 1979, nyingi na tofauti tofauti, zote zina maroboti makubwa kama ghorofa ambayo mtu anaingia ndani yake na kuyaendesha vitani. Hii ninayosema ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 2015, ikaisha Aprili 2017, vipindi 50. Mimi sikuwa mpenzi wa maroboti. Utotoni kwetu tulikuwa tunaangalia Bruce Lee na Rambo, basi. Sasa sikiliza inavyoanza, utaelewa kwa nini sikulala.

Iko sayari ya Mars, watu wamehamia huko zamani, na ni maskini. Mali ya Mars inaondoka kwenda Dunia, bei inapangwa na Dunia. Iko kampuni ya ulinzi inayochukua watoto wa mitaani, inawapandikiza chombo cha chuma kwenye uti wa mgongo ili waweze kuunganishwa na mashine. Upasuaji huo unafanya kazi kwa watoto tu, mwili wa mtu mzima haukubali. Mtoto ambaye kwake umeshindikana, hatembei tena. Siku jeshi la wakubwa linapokuja kushambulia, watu wazima wa kampuni wanakimbia na kuwaacha watoto mbele kama chambo. Watoto wanaamka. Kiongozi wao anaitwa Orga. Rafiki yake, mfupi, mkimya, anatafuna matunda makavu muda wote, anaitwa Mikazuki. Huyu amepasuliwa mara tatu na hakufa. Wanamtoa chini ya ardhi roboti wa vita ya miaka 300 iliyopita, jina lake Barbatos. Na unajua alikuwa anafanya kazi gani huko chini? Alikuwa jenereta. Kituo chote kilikuwa kinapata umeme kwake. Nilicheka peke yangu usiku ule. Nikaona kweli mwandishi wa hii kitu anajua mambo ya maskini, hakuna kinachotupwa.

Watoto wanawapindua wakubwa, wanachukua kampuni, wanaipa jina jipya, Tekkadan, na kuchora ua la chuma mgongoni mwa makoti yao. Halafu, badala ya kushangilia, wanakaa na kuhesabu pesa. Hapo ndipo iliponishika kabisa. Filamu nyingi za vita hazina mtu anayeuliza mafuta yatanunuliwa na nini. Hawa wanajumlisha: mshahara, chakula, dawa, vipuri. Wanaona pesa zao hazifiki mbali. Wanakubali kazi ya hatari kwa sababu hawana kazi nyingine. Orga hataki vita, anataka watu wake wale vizuri na wafike mahali. Mahali gani, hajui. Anasema tu tutafika, na wenzake wanamfuata kwa sababu wakigeuka nyuma hakuna kitu.

Na mapigano yenyewe, siwezi kudanganya, ni matamu. Hakuna bunduki za mwanga zinazopiga pyu pyu. Vyuma vya maroboti hao ni vigumu, risasi hazipenyi vizuri, kwa hiyo Barbatos anapigana kwa rungu. Rungu kabisa! Chuma juu ya chuma. Anapigana ovyo, kama mtu anayepigana sokoni, kwa chochote alichoshika.

Mwaka 2023 serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Walioko Lilongwe, walioko vijijini na kwenye senta kama mimi, wote. Nilikunja meza. Kioo cha meza nilimuuzia jirani Mmalawi kwa bei ya huruma, yangu mimi siyo yake. Nikarudi kwa mama na laptopu, bisibisi zangu, na flashi.

Wewe unayesoma hapa Dzaleka huhitaji kuelezwa, lakini gazeti hili linafika mbali, basi niseme. Kambi ilifunguliwa 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Sasa tumepita elfu hamsini. Mafundi simu tuliorudi ule mwaka tulikuwa wengi kuliko simu zilizoharibika. Kwa hiyo mzee mmoja mwenye kibanda cha video aliponiambia anatafuta mtu wa kutafsiri filamu kwa sauti, kama wanavyofanya Tanzania, sikuuliza mara mbili. Kiingilio kwacha 200. Sola, betri mbili za gari, televisheni moja, na mimi pembeni na maikrofoni. Ndani wanakaa Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na watoto wa Kimalawi wa vijiji vya karibu, na Kiswahili njo lugha ya kibanda. Maandishi ya flashi yangu yalikuwa ya Kifaransa. Niliwaletea Mayatima.

Kutafsiri kunakufanya uone kitu mara mbili. Kwenye hadithi hiyo kuna watoto waliouzwa, hata hesabu ya watu hawamo, Kifaransa kinawaita débris. Siku ya kwanza nikasema "takataka". Kibanda kizima kikacheka, mmoja akamwita mwenzake takataka, wakaanza kusukumana. Kesho yake nikasema "mabaki". Hawakucheka. Mzee wa kibanda akaniambia baadaye, "Hapo umepatia, mabaki ni neno." Pia kwetu kuna neno. Mwaka 1996, AFDL ilipotoka Kivu kwenda kumwondoa Mobutu, watoto walioshika silaha nyuma yake waliitwa kadogo. Neno la upendo, mama anamwita hivyo mtoto wake wa mwisho. Mikazuki nilimwita kadogo kila alipotokea. Walimpenda. Baada ya wiki mbili wakawa wanatengeneza Barbatos wa waya, kama galimoto wanazotengeneza watoto wa Kimalawi, na rungu la kipande cha bomba. Nilifurahi. Nilijiona mtu wa maana.

Halafu ikaja Januari 2025, M23 wakachukua Goma. Februari, Bukavu. Unakumbuka simu zilivyokuwa siku zile, kila kundi la WhatsApp video, sauti, picha za vijana wa kwetu na silaha, wengine nywele hazijaota kidevuni, wanaimba. Na pale kibandani nikaanza kusikia maneno. Dogo mmoja, nadhani ana miaka kumi na sita, mpole, anayesaidia kubeba betri, akasema mbele za wenzake yeye atarudi. Atapanda magari mpaka Karonga, avuke Songwe, afike Kigoma, avuke ziwa. Alikuwa ameijua njia yote, ile ile tuliyokuja nayo, anaisoma kinyume. "Bora kufa na benzangu kuliko kuoza hapa," akasema. Nilishtuka kwa sababu yalikuwa maneno yangu. Siyo ya Orga hasa. Ni mimi niliyeyaweka hivyo kwenye maikrofoni, kwa sababu yalisikika vizuri.

Hapa lazima niseme habari ya kaka yangu.

Sisi ni watu wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Kaka aliondoka nyumbani 2010, akiwa na miaka 14. Nikisema aliondoka, njo vile: hakukamatwa, hakufungwa kamba. Kundi moja lilikuwa juu milimani, binamu yetu alikuwa huko, na binamu alikuwa na buti. Kaka alikuwa anasoma vizuri, alikuwa na baba na mama, alikuwa na mimi. Karo ilikuwa imekwama. Akaenda. Alirudi mara moja tu, usiku. Mama alimpikia fufu na ndagala. Alikula amekaa karibu na mlango, bunduki kati ya magoti. Mama akamwambia avue buti amwoshe miguu. Akakataa. Akasema, nikivua sitaweza kuvaa tena, miguu imevimba. Mama akaweka beseni la maji pale pale, wakaliangalia wote wawili, maji yakapoa. Alfajiri hakuwepo. Hatujamwona tena. Mwaka 2012 tulivuka ziwa, baba akafia njiani kwa homa, tukafika huku wawili. Mpaka leo, wakija watu wapya kambini, mama anaenda kuuliza.

Nilipokuwa Madisi peke yangu, mbele ya laptopu, nilikuwa namwangalia kaka. Sikuwa naangalia Japani wala Mars. Nilikuwa natafuta jibu la kwa nini, na hadithi ile inalo jibu zuri kuliko vitabu vya mashirika. Inaonyesha kwamba mtoto hakai jeshini kwa woga peke yake. Anakaa kwa sababu pale kuna mtu anayejua jina lake, kuna sahani yenye zamu yake, na kuna mkubwa anayesema tutafika. Nilimwelewa kaka. Hata nilimsamehe kidogo. Hilo ndilo jema la katuni hii, na sitalikana hata kwa yale nitakayosema sasa.

Kuna vipindi vya ndugu wawili, Akihiro na Masahiro. Waliuzwa wote wakiwa wadogo, wakatenganishwa. Akihiro akaangukia kwa Orga, mdogo wake kwa maharamia. Wanakutana vitani, kila mmoja ndani ya roboti yake, pande mbili. Akihiro anamwambia mdogo wake njoo, tuna familia sasa. Na mdogo anakasirika: miaka yote nakusubiri uje kunichukua, kumbe wewe ulikuwa unatafuta familia nyingine? Kisha linapokuja pigo la adui, anajiweka mbele, anakufa yeye.

Nilikuwa nimeiona Madisi na nikalia kama mjinga. Nilidhani nimejiandaa. Mvua ilikuwa inanyesha jioni ile, kibanda kimejaa, na mama, ambaye huwa anauza mandazi mlangoni kwangu, alikuwa ameingia ndani kujificha na beseni lake. Yeye hajui Kifaransa na katuni kwake ni mambo ya watoto. Nilipofika kwenye maneno ya Masahiro, sauti ikakatika. Maandishi yanapita chini, mimi kimya. Vijana wakaanza: "DJ! DJ, anasema nini?" Katika ule ukimya, mama akauliza kwa sauti yake ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya:

"Na bamama yabo beko wapi?"

Mmoja akamjibu, "Ni mayatima, mama."

"Bote?"

"Bote."

"Hii batoto yote, nani anabapikia?"

Wakamweleza kuna msichana, Atra, anawapikia. Mama akasema msichana siyo mama, akafunika mandazi yake.

Tangu siku ile siwezi kuiangalia Mayatima vilevile, na nimejaribu. Watu wakizungumza kasoro za katuni hii wanataja mambo mengine. Wanasema msimu wa pili unajikokota halafu unakimbia. Kweli. Wanasema mpango wa McGillis, yule afisa mzuri wa sura anayewatumia watoto, hauna kichwa: anaiba roboti mtakatifu akidhani familia kubwa zote zitapiga magoti, na hazipigi. Kweli tena, pale kibandani walipiga kelele "mjinga!" kabla hata sijatafsiri. Wanasema kifo cha Orga kimezidishwa, anapigwa risasi barabarani, anasimama, anatembea, anaongea, anaongea tena. Huko Japani kwenyewe tukio hilo limegeuka kichekesho cha intaneti. Na wengi wanachukia mwisho, kwa sababu watoto wanashindwa. Mimi sina ugomvi na mwisho. Watoto wenye marungu wakipigana na jeshi lenye silaha za kupiga kutoka angani, wanashindwa. Wangeshinda ningeizima.

Ugomvi wangu uko mwanzoni, kwenye jina. Mayatima. Hadithi imewaondoa mama wote kabla haijafungua mlango. Fikiri: vijana wengi vile, na hata mmoja hana mama anayekuja getini na kusema nipeni mtoto wangu. Hakuna beseni la maji. Kwa hiyo wakisema "familia yetu ni hii", hakuna anayetoka kuwabishia, na maneno yanabaki matamu. Kundi lililomchukua kaka lilisema maneno hayo hayo. Lakini kaka hakuwa yatima. Na wale kwenye video za WhatsApp, nyuma ya kila mmoja, wengi wao, kuna mwanamke anayeuliza uliza. Ukimtoa huyo mwanamke, vita inakuwa nzuri. Inakuwa koti lenye ua.

Cha ajabu mwandishi anajua, nadhani, ila amepitisha haraka. Biscuit, yule mnene anayefanya mahesabu, ana bibi yake na dada wawili wadogo, pacha. Bibi analima mahindi. Mahindi, jamani, Mars! Mavuno yenyewe yananunuliwa kwa bei ya chini kutengenezewa mafuta. Mikazuki anaenda kumsaidia kuvuna, na anachotaka maishani ni hicho: kuwa mkulima. Biscuit ndiye anayemwambia Orga tusiende, turudi nyumbani. Ndiye anayekufa mapema. Halafu kuna Takaki, ana mdogo wake wa kike, Fuka, anayemsubiri nyumbani na chakula. Baada ya vita moja ya kijinga Takaki anavua koti, anaaga, anarudi kwa dada yake. Anaishi. Vipindi vichache, basi, kamera inarudi kwa wanaopigana. Pale kibandani wakati Takaki anaondoka watu walitoka kukojoa.

Na kuna mwili wa Mikazuki. Hili nalisema kwa heshima, kwa sababu hapa katuni ni jasiri. Kila akiilazimisha mashine impe nguvu zaidi, mashine inachukua kipande chake. Kwanza mkono wa kulia na jicho. Baadaye upande wote wa kulia. Mwishowe hawezi kujisogeza bila kuunganishwa na Barbatos, wenzake wanambeba. Ni kweli kabisa, nawajua watu wa hivyo, wakiwa nje ya vita ni kama wamezimwa. Lakini ndani ya roboti anakuwa mzima, mwepesi, mzuri kuliko wote, na sisi tunasubiri aingie. Tunamtaka aingie! Kampuni ya Bandai imekuwa ikiuza maroboti haya ya plastiki ya kuunganisha tangu 1980, na Barbatos naye anauzwa. Mikazuki mwenye mkono uliokufa hauzwi sana, nadhani. Vijana wangu nao walisuka waya wa Barbatos. Sikuona aliyesuka mtu aliyekaa kitandani.

Nilijaribu kurekebisha. Naomba msicheke. Kwenye tukio la shambani nikaongeza sentensi mdomoni mwa Mikazuki: "Namkumbuka mama yangu, sijui amekula nini leo." Nilidhani itapita. Kumbe kuna Mrundi aliyesoma Bujumbura, anafuata maandishi kuliko mimi. "Muongo! Hajasema hivyo! Hakuna mama hapo!" Fujo. Wengine wakadai kwacha zao 200. Mzee wa kibanda akaniita pembeni akaniambia kazi yangu ni kutafsiri, mahubiri yana makanisa yake, na makanisa hapa hayajapungua.

Basi nikaacha kusema uongo. Ila betri ya kwanza inapoisha, kabla hatujaunganisha ya pili, kuna dakika kama tano za giza. Siku moja katika giza lile, maikrofoni imezimwa, nikawasimulia kaka. Binamu, buti, fufu na ndagala, miguu iliyovimba, beseni. Nilisimulia vibaya, nilirukaruka. Mama alikuwa mlangoni, hakugeuka. Nilipomaliza kulikuwa kimya, nikadhani maneno yameingia. Kisha yule dogo wa kubeba betri akauliza, taratibu, kwa adabu:

"Yaya, hizo buti walimupaka bure?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nikamwangalia miguu. Alikuwa na kandambili, moja ya bluu, moja nyeusi iliyofungwa waya. Nikasema ndiyo, bure.

Kipindi cha 50 tulikionyesha Jumamosi moja ya Machi. Nilikiogopa. Nilifikiri nikikionyesha dogo ataona kufa ni kuzuri, nisipokionyesha watavunja kibanda. Nilitafsiri kila neno lililoandikwa, bila kuongeza. Barbatos akaanguka. Mikazuki akafa. Wachache walikuwa na machozi, wengi hawakuwa. Nikaendelea na ile sehemu ya mwisho, miaka imepita, waliobaki wako wapi. Kabla ya kufa, Orga alikuwa ametafuta njia ya kuwapitisha wenzake kwenye handaki mpaka mjini, na mkubwa mmoja wa huko Dunia akakubali kubadilisha kumbukumbu zao, wapewe majina mapya na vitambulisho vipya ili waishi kama watu wengine. Madisi sehemu hiyo niliipita nikiwa na usingizi. Pale kibandani kilichotokea ni hiki: watu walisimama.

"Rudisha! Rudisha hapo! Walibadilisha wapi?"

"Ni ofisi gani?"

"Ilichukua muda gani, DJ? Haisemi?"

Nikarudisha. Haisemi. Dakika chache tu, na vijana wa vita wana vitambulisho, wanafanya kazi, mmoja anatengeneza, mwingine analea. Tulirudisha mara tatu. Mzee wa kibanda mwenyewe alisogea karibu na televisheni na miwani yake. Mtu mmoja mzima, yupo hapa tangu 2007, akasema ile ndiyo roboti, siyo ile nyingine. Waliocheka ni wachache. Na dogo wa betri alikaa amekunja magoti anaangalia uso wa mmoja wa wale waliobaki, anayetembea mjini na mfuko wa vitu mkononi, hakuna anayemsimamisha kumuuliza karatasi.

Tulipokuwa tunafunga, mama akawa anahesabu sarafu zake kwenye kitambaa. Akaniuliza, "Yule mwenye alikuwa anataka kulima, alifika kwa shamba?"

"Hapana, mama. Hakufika."

Akatikisa kichwa. Akaniambia nimbebee beseni, na kesho nipitie kwa Mrundi wa duka nimuulize kama unga wa ngano umeshuka bei. Yule dogo alikuwa ametangulia na betri kichwani. Jumatatu alikuja kazini. Jumanne pia.